Gari Lililobomolewa na Modeli Iliyobaki

Miongoni mwa michezo yote ambayo mwanadamu ameibuni kwa msaada wa mashine, ni michache inayovila vyombo vyake kwa pupa kama mbio za dragi, yaani zile mbio ambazo magari mawili husimama sambamba penye mstari, yakangoja taa ya kijani, kisha yakatoka kwa kishindo katika njia iliyonyooka isiyo na kona wala mlima, na mambo yote yakawa yamekwisha kabla mtazamaji hajashusha pumzi. Gari la daraja la Top Fuel, ambalo ndilo sultani wa mbio hizo, lina injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 8 na ushei, hunywa nitromethani mahali pa petroli, hutoa nguvu zinazozidi za farasi 10,000, na humaliza safari yake kwa muda usiotimia sekunde 4, hali mwendo wake umekwisha pita kilomita 500 kwa saa. Safari ikiisha mafundi huivunja injini yote, wakatoa pistoni, wakabadilisha sahani za klachi zilizoungua, wakakagua kila kipande, wakaiunda upya kabla ya raundi inayofuata. Na kwa hesabu hiyo gari lililoshinda asubuhi silo hasa litakaloshindana alasiri, na gari la mwaka huu huenda lisiwe na nasaba yoyote na la mwaka ujao ila rangi na jina lililoandikwa ubavuni.

Madhali hali ni hiyo, mtu atakaye kujua gari fulani lilikuwaje siku fulani atakwenda wapi? Jawabu langu, ambalo huenda likawashangaza wengi, ni kwamba aghalabu atakwenda kwenye meza ya mtu mmoja asiyelipwa na yeyote, mwenye kibano, tupa nyembamba, msasa na chupa ya gundi, aliyelijenga gari lile upya kwa kipimo cha 1/25 hata likaenea juu ya viganja viwili. Nadai kwamba kazi ya mtu huyo ni kazi ya historia, kwamba inastahiki taadhima ipewayo historia, na kwamba yapasa vilevile kuhukumiwa kwa sheria kali za historia, ambayo ya kwanza ni kusema kweli.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, maneno machache yatatosha. Mbio hizi zilikulia California, katika viwanja vya ndege vilivyoachwa na jeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na katika barabara za mji ambamo vijana walishindana usiku kwa siri na kwa hatari. Na mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA ili kuwatoa barabarani vijana hao na kuwapa kanuni na mahali pa salama. Masafa ya mbio yalikuwa robo maili, yaani mita 402, na ndivyo yalivyodumu hata mwaka 2008, ambapo dereva Scott Kalitta alifariki katika ajali huko Englishtown, New Jersey, na chama kikayapunguza masafa ya magari yanywayo nitromethani yakawa futi 1,000, sawa na mita 305.

Na viwanja navyo hufa. Lions, karibu na bandari ya Long Beach, kilifunguliwa mwaka 1955 kikafungwa Desemba 1972; Orange County, kusini yake, kilifungwa mwaka 1983; na Bandimere, chini ya milima ya Colorado, kilichoanza mwaka 1958, kiliendesha mbio zake za mwisho mwaka 2023. Sababu haziachani sana: mji hukua ukakifikia kiwanja, ardhi hupanda bei, majirani hulalamikia kelele, na yule aliyekuwa wa kwanza kufika huonekana kuwa ndiye mvamizi. Magari nayo hufuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa gari la dragi likizeeka huuzwa, mnunuzi akalipaka rangi nyingine na kuliandika jina lake, kisha akalikata fremu, akalirefusha au akalifupisha, mpaka siku liangukapo ukutani na kuokolewa injini tu. Bodi za faibaglasi za magari yaitwayo Funny Car, ambazo zilikuwa nyepesi kiasi cha kubebwa na watu wachache, ziliungua kwa makumi, maana injini iliyokaa mbele ya dereva ilipopasuka ilimwaga mafuta yanayowaka ndani ya bodi ile ile.

Kweli, makumbusho yapo. Don Garlits wa Florida, aliyeyaita magari yake yote Swamp Rat na kuyapa nambari, alifungua jumba la makumbusho huko Ocala mwaka 1984, na gari lake la thelathini limo katika hazina ya taifa ya Smithsonian mjini Washington. Nayatukuza makumbusho hayo. Walakin jumba, hata liwe kubwa namna gani, huchagua mashujaa, na gari lenye urefu wa mita saba na nusu hula nafasi ambayo modeli 200 zingeweza kusimama kwa raha. Seuze yale magari ambayo hayakubakiza hata msumari mmoja wa kuonyeshwa.

Sanaa ya modeli hizi ilianza kama biashara. Kampuni ya AMT ya Michigan, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikiwatengenezea wauzaji wa magari vigari vidogo vya kuwaonyesha wateja umbo la gari la mwaka, na mwaka 1958 ikavitoa vigari hivyo vikiwa vipande ndani ya sanduku, ili mnunuzi ajijengee mwenyewe ama gari lilivyotoka kiwandani, ama lililorembwa, ama la mbio. Revell ya California, Monogram ya Illinois na MPC ya Michigan zilishika njia hiyo hiyo, na katika miaka ya 1960 na 1970 hapakuwa na dereva mashuhuri wa dragi asiyetamani kuliona gari lake dukani ndani ya sanduku lenye picha ya moshi na matairi. Kabla ya hao wote, tangu mwaka 1930 hata 1968, General Motors iliendesha chama cha vijana mafundi kilichoitwa Fisher Body Craftsman's Guild, ambacho kiliwataka wavulana wachonge kwa mikono yao kwanza magari ya farasi ya kifalme na baadaye magari ya mtindo wao wenyewe, na washindi wakapewa fedha za masomo ya chuo kikuu. Na baadhi yao waliishia kuwa wabunifu wa magari ya kweli.

Wapo watakaosema kwamba vyote hivi ni vitu vya kuchezea, na kwamba mtu mzima mwenye ndevu hana haja navyo. Hao nawakumbusha habari ya mwaka 1970, ambapo kampuni ya Mattel, watengenezaji wa vigari vya Hot Wheels, iliwafadhili madereva wawili wa California, Don Prudhomme aliyeitwa Nyoka na Tom McEwen aliyeitwa Nguchiro, wakashindana nchi nzima, mmoja kwa Plymouth Barracuda ya manjano na mwenziwe kwa Plymouth Duster nyekundu, huku watoto wakiyasukuma magari hayo hayo sakafuni kwa vidole. Kabla ya hapo wafadhili wa mbio walikuwa ni watu wa mafuta, matairi na plagi, watu wa ndani ya mchezo wenyewe. Kigari cha thamani ya senti ndicho kilichofungua mlango wa fedha za nje na kulilisha gari kubwa. Kitu kilichofanya hivyo siwezi kukidharau, wala sioni kwa nini mtu aone haya kukishughulikia kwa akili yake yote.

Na akili inayotakiwa si haba. Tazama kazi ya injini peke yake. Injini ya Top Fuel ya siku hizi ina plagi mbili kwa kila silinda, jumla yake 16, na nyaya zake hutoka katika magneto mbili zilizosimama mbele. Hali injini nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa na plagi moja kwa silinda, na fundi asiyeijua tofauti hiyo amekwisha kosea kabla hajafungua gundi. Waya wa plagi katika gari la kweli una unene wa milimita 8 hivi. Ukiugawa kwa 25 unapata thuluthi ya milimita, na sanduku la kiwandani halina waya wa namna hiyo hata mmoja. Fundi hulazimika kuutafuta mwenyewe ndani ya mota ya redio mbovu au kebo ya simu iliyotupwa. Kisha hutoboa tundu katika kichwa cha silinda kwa keekee ya kuzungushwa kwa vidole, akauchomeka waya na kuubana kwa tone la gundi lililochukuliwa kwa ncha ya sindano, akaupitisha pembeni ya kifuniko cha vali, akaufunga pamoja na wenzake kwa uzi mweusi, akafuata mpango wa mwako wa injini ya Hemi ya Chrysler, 1-8-4-3-6-5-7-2, kwa sababu anajua kwamba miongoni mwa watakaoinama mezani yumo mmoja aliyewahi kuifungua injini ile kwa mikono yake mwenyewe. Akikosea waya mmoja, huung'oa akaanza upya, na kazi ya jioni nzima ikawa imekwenda.

Kabla ya hapo amekwisha kata vipande kutoka katika matawi yake ya plastiki, akasugua kwa msasa ule mshono mwembamba ulioachwa na kalibu mahali nusu mbili zilipokutana, akajaribu bodi juu ya fremu mara baada ya mara bila gundi. Fremu ya sanduku huwa nene mno, maana plastiki nyembamba haikubali kumiminwa vizuri. Mafundi hodari huitupa, wakapinda fremu yao kwa fimbo za shaba au za plastiki zenye unene wa milimita moja na nusu, wakaziunga pembe kwa pembe mpaka ngome inayomzunguka dereva ikasimama sawa. Mikanda ya kumfungia dereva hukatwa kwa utepe, upana wake milimita tatu. Tairi jipya la modeli hung'aa, na hakuna tairi la dragi ling'aalo baada ya kuunguzwa lami. Basi husuguliwa uso wake mpaka likawa na weusi mkavu wa mpira uliokwisha fanya kazi.

Rangi nayo ina mitego yake, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Magari ya zama zile yalipenda rangi za kumeta, zilizotiwa chembe za madini, na fundi asiye na hadhari huinunua rangi ya kumeta dukani akaipuliza, akafurahi, asitambue kwamba chembe yenye sehemu ya kumi ya milimita moja juu ya modeli ya 1/25 ni sawa na kibamba cha milimita mbili na nusu juu ya gari la kweli, kitu ambacho hapana mpaka rangi aliyekikusudia. Jicho huikataa modeli kama hiyo hata kabla akili haijajua sababu. Fundi mwenye subira hutafuta unga mwembamba kuliko wote, akaupaka juu ya fedha, akaufunika kwa tabaka za rangi inayopenya nuru, moja juu ya moja, mpaka wekundu ukapata kina. Kisha akabandika maandishi yaliyolowekwa majini, jina la dereva, jina la mji, jina la duka la spea lililomsaidia kwa matairi, na akayafunika yote kwa vanishi.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda Marekani ili tusadiki kwamba modeli yaweza kuwa shahidi. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari, chenye tanga la mkeka la pembe nne, ambacho kilivuka bahari hii karne baada ya karne kutoka Lamu, Pate na Faza, ulikuwa umetoweka baharini kufikia miaka ya 1930, na wale walioujua kwa kuushona na kuuabiri wamekwenda zao. Picha zilizobaki ni chache, na picha haionyeshi kamba ilipita wapi ndani ya mbao. Modeli zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus ndizo zilizowawezesha watafiti kuiona gubeti yake na mshikamano wa viungo vyake kwa macho, na kila ajadiliye leo habari za mtepe anadaiwa shukrani na mikono iliyozichonga. Laiti mafundi hao wangalichonga kwa kubahatisha, wakazidisha nakshi ili kumpendeza mnunuzi, tungekuwa tumerithi uwongo mzuri mahali pa chombo. Hoja yangu juu ya magari ya dragi ni hiyo hiyo, wala sioni kwamba chombo cha bati na faibaglasi kina haki ndogo kuliko cha mbao, maana vyote viwili ni kazi ya bongo na mikono ya watu, na vyote viwili hupotea.

Ndiyo maana nasema modeli ya historia haina budi kuwa na siku yake. Mwezi Machi 1970, katika kiwanja cha Lions, giaboksi ya gari la Garlits ilipasuka penye mstari wa kuanzia. Gari likakatika vipande viwili, na yeye akapoteza sehemu ya mguu wake wa kulia. Katika magari ya wakati ule dereva alikaa nyuma kabisa, injini iko mbele ya uso wake na giaboksi kati ya miguu yake, hata kila kilichopasuka kikamwelekea yeye. Garlits alitafakari jambo hilo akiwa kitandani hospitalini, na akaazimia kuihamisha injini ikae nyuma ya dereva. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake, na magari yao yakawa hayatawaliki. Yeye na mafundi wake waligundua kwamba usukani uliitikia upesi mno, wakaupunguza ukali wake, na mwezi Februari 1971 gari lile jipya, Swamp Rat 14, likashinda mashindano ya Winternationals huko Pomona. Haikupita miaka mingi magari yote ya Top Fuel yakawa ya mtindo huo, na haihesabiki ni madereva wangapi waliorudi nyumbani wakiwa hai kwa sababu yake.

Sasa weka mezani modeli mbili, moja ya gari la 1970 na moja ya gari la 1971, bega kwa bega, kwa kipimo kimoja. Mtoto wa miaka minane atayaelewa mabadiliko hayo bila kusomewa neno, akiona kiti cha dereva kimehama kutoka nyuma ya injini kikawa mbele yake. Lakini fundi atahadhari, kwani Swamp Rat 14 katika siku zake za mwanzo halikuwa na bawa la nyuma, nalo bawa likaongezwa baadaye. Na anayelijenga gari la Pomona akalitia bawa, kwa kuwa aliona picha ya miezi ya baadaye akaipenda zaidi, ametunga gari ambalo halikuwako. Dosari kama hiyo huonekana ndogo kwa mtazamaji wa kawaida, na kwa kweli mara nyingi husamehewa katika maonyesho maadamu rangi inang'aa; mimi naona ni kubwa kuliko tone la gundi lililovuja, maana gundi huharibu uso tu, ilhali bawa lile huharibu ushahidi.

Katika mlango huo huo wa ukweli kuna suala la tumbaku. Tangu mwaka 1975 hata 2001 mashindano makuu ya NHRA yalibeba jina la sigara ya Winston, na magari mengi ya miaka ile yaliandikwa ubavuni majina ya watu wa tumbaku na wa pombe. Kampuni za modeli zinapochapisha upya masanduku ya zamani huyaondoa maandishi hayo, na kwa sanduku litakaloangukia mikononi mwa mtoto nakubaliana nazo kwa moyo mmoja. Lakini mtu mzima anayejenga gari la mwaka fulani kwa ajili ya kuliweka mbele ya watu kama kumbukumbu, na ayaandike maneno yote yaliyokuwako, kwa sababu mambo hayo ndiyo yaliyolipa gharama za mbio, na kuyafuta ni kuwaficha wasomaji wa kesho ni nani aliyenunua macho ya baba zao.

Tena kuna waliosahauliwa. Sanduku la kiwandani liliamua ni nani atakayekumbukwa, na lilichagua kwa hesabu ya mauzo. Shirley Muldowney, mwanamke wa kwanza kupewa na NHRA leseni ya kuendesha Top Fuel, aliyetwaa ubingwa wa daraja hilo mwaka 1977, 1980 na 1982 kwa gari la rangi ya waridi, anajulikana. Malcolm Durham, Mmarekani Mweusi aliyeshindana katika miaka ya 1960 kwa magari ya Chevrolet yaliyoitwa Strip Blazer, hajulikani na wengi, ingawa alikuwa akijaza viwanja katika zama ambazo mtu wa rangi yake hakukaribishwa kila mahali. Na mpaka Antron Brown alipotwaa ubingwa wa Top Fuel mwaka 2012, hapakuwa na Mmarekani Mweusi aliyeufikia. Fundi mmoja mwenye picha tatu nzuri na Chevrolet ya sanduku la kawaida aweza kumrudisha Durham mezani, na hilo ni jambo ambalo kiwanda chenye mashine za mamilioni hakikulifanya. Hapa ndipo ninapoiona heshima kuu ya sanaa hii, kwamba haina haja ya idhini ya mtu yeyote.

Juu ya maonyesho nina neno la kusema. Marekani kuna desturi mbili. Katika jimbo la Utah, mjini Salt Lake City, mwaka 1979 yalianza mashindano ambamo majaji waliikagua modeli kwa tochi na kuigeuza chini juu, na ustadi uliozaliwa humo ni wa ajabu. Mjini Toledo, Ohio, tangu mwaka 1980 yamekuwako maonyesho yaitwayo NNL, ambayo hayana jopo la majaji: kila mtu huleta alicho nacho, humpangia jirani yake nafasi mezani, na siku hupita kwa mazungumzo. Nazistahi zote mbili, ila nikilazimishwa kuchagua nitaichagua ya Toledo bila kusita. Tuzo humfanya fundi afiche njia zake na kuogopa gari lenye vumbi, kwa hiyo meza za mashindano hujaa magari yanayong'aa kuliko yalivyong'aa siku yalipozaliwa, hali gari la kweli la dragi, raundi ya tatu, lilikuwa na masizi ya mabomba ya moshi, vipande vya mpira vilivyonata nyuma ya matairi, na parashuti lililokunjwa kwa haraka. Penye mazungumzo mzee aliyelisukuma gari lile mwaka 1969 husimama mbele ya modeli akasema bomba la mafuta lilipita upande wa kushoto, na mjenzi akachukua kalamu akaandika.

Na katika kuipanga meza yenyewe, bodi ya Funny Car na iachwe wazi, imeinuliwa kwa mbele juu ya kijiti chake kama ilivyoinuliwa uwanjani mafundi walipofanya kazi, ili watu waone injini na kiti cha dereva kilivyobanana. Taa isiwe ya jua la dirishani, maana jua hufifisha rangi nyekundu. Na matairi laini yasiachwe miaka mingi yakigusana na plastiki, kwa kuwa yana kitu ndani yake kiyeyushacho plastiki taratibu. Masanduku mengi ya zamani yamefunguliwa ikakutwa bodi nzuri imeliwa na matairi yake yenyewe.

Jambo hili si la Marekani peke yake tena. Katika Ghuba, ambako wasomaji wengi wa Kiswahili wana ndugu na makazi, mbio za dragi zina wapenzi wake Qatar, Bahrain, Emirati na Oman. Sheikh Khalid bin Hamad Al Thani wa Qatar aliunda timu ya Al-Anabi iliyokwenda kushindana Marekani kwenyewe na kutwaa ubingwa wa Top Fuel mwaka 2010 kwa mkono wa Larry Dixon, mwaka 2011 kwa Del Worsham, na mwaka 2013 kwa Shawn Langdon. Kisha mwanzoni mwa 2015 timu ikafungwa ghafla, na wafanyakazi wake wakatawanyika. Timu iliyowashinda Wamarekani kwao mara tatu ndani ya miaka minne ni habari ya kuhifadhiwa, na kijana wa Doha au Maskati mwenye mikono mitulivu hana sababu ya kungoja kiwanda cha ng'ambo kimfanyie. Zana zipo: kuna watu wanaomimina vipande vya rezini katika kalibu za silikoni, na kuna mashine zinazochapa vipande kwa pande tatu kutokana na mchoro wa kompyuta. Wapo mafundi wa zamani wanaoiona mashine hiyo kuwa ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo, mradi mtu aseme alichochapa na alichochonga.

Na kusema huko ndiko kunakokosekana zaidi. Mafundi wa kizazi kile cha kwanza, waliokuwa wavulana wakati AMT ilipotoa masanduku yake, sasa ni wazee, na kila mwaka makusanyo yao huangukia kwa warithi wasiojua kilichomo kabatini, yakauzwa moja moja au yakatiwa katika boksi pamoja na vyombo vya jikoni. Modeli ikiisha kutengana na mjenzi wake bila maandishi inakuwa bubu: haijulikani ni gari la nani, la mbio zipi, wala kama bawa lile liliwekwa kwa ushahidi au kwa kupenda. Dawa yake haigharimu kitu. Kadi moja ngumu ya ukubwa wa kadi ya posta, iliyobandikwa chini ya kibao kinachobeba modeli, yaweza kuchukua jina la dereva na la gari, mwaka na kiwanja, picha gani zilizofuatwa, vipande gani vilitoka sandukuni na vipi vilitengenezwa kwa mkono, mambo ambayo mjenzi alilazimika kuyakisia, jina lake mwenyewe, na tarehe aliyoimaliza kazi. Iandikwe kwa wino usiofutika, na nakala yake apewe mtu mwingine wa nyumbani.